Ukuta wa Kituo cha Mabasi

"Mbwa huyu!" Fundi wa mabango alitema mate chini. "Mbwa kabisa!"

Jana mchana aliuacha ukuta wa kituo cha mabasi umeandikwa NDIYO, herufi nyekundu ndefu kuliko yeye mwenyewe, ili kila anayeshuka kwenye basi ajue kwamba nchi hii iko tayari kujitawala. Asubuhi hii ukuta ulikuwa umepakwa chokaa, na juu ya chokaa, kwa rangi nyeusi, ulisema HAPANA. Si mara ya kwanza. Kila alipokwenda kwenye mdahalo jioni, mtu alikuja kumharibia, na kura yenyewe ya kujitenga ilikuwa kesho.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba kazi ilikuwa safi. Herufi zilikaa sawasawa, hakuna iliyopanda wala iliyoshuka. Pembeni mwa ukuta kulikuwa na msumari mpya.

"Yuko peke yake," alimwambia mkewe. "Hana wa kumshikia uzi, ncha kaifunga hapa. Kazi anaijua, mshenzi!"

Mkewe aliweka chini makopo ya rangi, akatoa uzi wa chaki, akaingiza kidole kwenye kitanzi cha kitambaa chekundu alichokishona nchani ili uzi usimkate. Ndivyo walivyofanya kazi tangu waoane: mke anashika ncha ile, mume anashika hii, anauvuta uzi na kuuachia, pap, mstari unabaki ukutani. Wakapaka, wakaandika NDIYO upya, mpaka jua likawa utosini.

"Na daraja je?" mkewe aliuliza walipokuwa wakisafisha brashi. "Likishakuwa mpaka, mama yangu kule ng'ambo nitamfikiaje?"

"Mambo ya siasa niachie mimi. Chai iko wapi?"

Chai ikaja.

Ukweli ni kwamba fundi alikuwa na mtu anayemshuku, na jambo hilo lilikuwa likimnyima usingizi. Mwanawe. Mwalimu wa shule, mtu wa Hapana wa kutupwa, mdomo haupoi. Na brashi alimfundisha yeye mwenyewe, tangu akiwa mdogo. Siku hizi walikuwa hawali chakula bila kurushiana maneno, na mchana huo haukuwa tofauti.

"Tukijitenga tutakula nini, baba? Bendera?"

"Tutakula jasho letu!" Fundi alipiga meza, glasi zikaruka. "Miaka yote hii tunaamuliwa na watu ambao hata njia ya kufika hapa hawaijui! Hatuulizwi! Mtu mzima, kwenye nyumba yake mwenyewe, haulizwi neno, anaambiwa tu lete hiki, peleka kile. Wewe unaona sawa?"

Mkewe alikuwa akikusanya sahani. Alisimama kidogo, kisha akaendelea kukusanya.

"Niambie kweli," fundi akasema. "Ni wewe unayenichafulia ukuta?"

"Mimi hapana yangu nakwambia usoni, baba. Sijifichi."

Fundi hakumwamini hata kidogo. Akazidi kuogopa, na woga ukamzidishia hasira. Vijana wa Ndiyo walikuwa wameapa kuulinda ukuta jioni hiyo. Kiongozi wao, pande la mtu waliyemwita Nondo, alimuuliza tangu asubuhi: "Tukimkamata tumfanyeje, mzee?" Fundi akaumauma maneno. Angesema nini? Damu ni damu, hata ikiwa na kichwa kigumu namna ile.

Ndipo akapata akili. Jioni, kabla ya kwenda kwenye mdahalo wa mwisho, alimshika mwanawe mkono. "Leo tunakwenda wote. Utakaa ubavuni kwangu nikuone."

"Nitakaa hata mapajani kwako, ukitaka," mwalimu alijibu, akacheka.

Mama yake alisema miguu inamuuma, kama jana. Atabaki nyumbani.

Ukumbi ulijaa pomoni, watu mpaka madirishani. Fundi alimtazama mwanawe aliyeketi kando yake, mikono yote miwili juu ya magoti, misafi, na roho ikamtulia kwa mara ya kwanza wiki nzima. Sasa mwenye kuja ukutani na aje. Akainuka, akamfuata Nondo mlangoni.

"Mkono anaoandikia," alisema, "uvunjeni. Msimuulize jina wala ukoo. Awe nani, awe nani."

"Awe nani," Nondo akaitikia, akatoka na wenzake.

Zamu yake ilipofika, fundi alipanda jukwaani na kusema kama ambavyo hajawahi kusema. Hasira yote ilimtoka. Alisema juu ya watu wanaofanya kazi maisha yao yote na wasiulizwe. Alisema juu ya kuagizwa kama mtoto. "Kesho tunaulizwa!" alinguruma. "Na aliyenyamazishwa miaka yote, kesho atajibu!" Ukumbi ukalipuka. Hata mwanawe, kwa shingo upande, alipiga makofi mawili matatu.

Aliposhuka, Nondo alikuwa amesimama chini ya ngazi. Jasho lilikuwa likimtiririka, na macho yake hayakutaka kukutana na ya fundi.

"Mmemkamata?"

"Giza lilikuwa limeanza kuingia, mzee. Kavaa ovaroli, na kofia kaishusha mpaka machoni. Tumeuvunja, kama ulivyosema."

"Safi sana! Nani?"

"Ulisema tusiulize."

Nyuma yao watu walikuwa bado wanashangilia. Nondo alimshika fundi mkono, akamwekea kiganjani kipande cha uzi wa chaki kilichokatwa kwa kisu, na nchani mwake kitanzi cha kitambaa chekundu.