Choo cha Fuko

Fumie alikuwa uani anachoma shati la mwisho la mume wake pale mpangaji wake wa kike, Mwalimu Kanzaki, alipotoka msituni mbio, amekumbatia uyoga mmoja kama mtoto mchanga.

"Mama Fumie, njoo uone mzizi!"

Uyoga wenyewe haukuwa na sura ya kumtoa mtu mbio: kofia ya hudhurungi yenye utelezi, basi. Lakini shina lake liliendelea kushuka, likachongoka kama mkia wa panya, refu kupita kiganja. Mwalimu alikuja kijijini kuchunguza udongo wa mialoni, vile vinyuzi vyeupe na vijidudu visivyoonekana ambavyo, kama alivyosema yeye, hula kila kinachoanguka ili msitu nao upate kula.

"Huu hauoti ovyo," alisema akihema. "Hufuata mkojo na uozo. Ukiufuata mzizi wake chini, unakuta choo cha fuko, yule mnyama mchimba mashimo."

"Umesoma mpaka miwani imenenepa, uje huku kutafuta choo cha fuko?"

Fumie aliangua kicheko, kisha akashtuka kukisikia. Hakuwa amecheka hivyo tangu mume wake Kiyoharu aondoke.

Kiyoharu aliaga asubuhi kwamba anakwenda kutazama miti, asirudi. Masuo, kaka yake Fumie, ndiye aliyekuja na habari, kichwa amekiinamisha. Alimwona shemeji yake kwa macho yake mawili akipanda basi na mhudumu mmoja wa kike wa hoteli ya chemchemi za maji moto. Na kweli, mhudumu alikuwa ameacha kazi wiki ileile. Chai haijapoa, kijiji kizima kimeshajua.

Tangu hapo hasira haikumtoka Fumie. Akipika, anamlaani. Akifua, anamlaani. Akiingia dukani wanawake wananyamaza, naye anajua walichokuwa wakikisema. Mtu aliyekula naye sufuria moja tangu ujana, kumtupa kama ganda, bila hata neno!

Asingekuwa Masuo, angekufa. Masuo ndiye aliyemletea mchele. Masuo ndiye aliyepanda paani kukokoa theluji isije ikaiangusha nyumba. Ndiyo maana, mwishowe, Fumie alikubali mialoni waliyomwachia wazazi ikatwe na kuuzwa. Masuo alilitaka hilo siku nyingi. Kiyoharu ndiye aliyekuwa akikataa katakata. Sasa wakataji walikuwa njiani.

Mchana Masuo alifika na figili mbili kubwa begani. Wakakaa kula watatu.

"Kaka, mwalimu wetu kagundua choo cha fuko," Fumie alimchokoza mgeni wake.

"Kagundua kwa pua au kwa miguu?" Masuo alicheka. "Wapi huko?"

"Nyuma ya lile tanuri la mkaa lililobomoka," alisema mwalimu. "Uyoga umejaa pale, sijapata kuona."

Masuo alitafuna polepole, akameza.

"Huko dubu wanashuka siku hizi. Niachieni mimi, nitawachimbia niwaletee."

"Aa, jembe litaharibu kila kitu. Tunafagia udongo kwa brashi, taratibu, kama kumsugua mtoto meno."

"Basi twende wote. Siwezi kuwaacha wanawake wawili mdomoni mwa dubu."

Fumie alimtazama kwa upendo. Mume ni nguo ya kuazima, alijiambia. Ndugu ndiye ngozi yako.

Walipofika, Masuo alisimama juu ya mteremko na rungu lake, akilinda. Uyoga ulikuwa umesongamana chini ya mwaloni mmoja, kofia juu ya kofia, kama watu waliokuja msibani. Mwalimu alipiga magoti, akaanza kufagia. Udongo mweusi, laini, ukatoka kidogo kidogo, na vinyuzi vyeupe vikazidi kuwa vingi.

"Ajabu," alisema. "Mashimo ya fuko siyaoni. Labda kulungu alifia hapa."

"Mvua inakuja!" Masuo aliita kutoka juu. "Fumie, mwambie yatosha! Twendeni!"

Fumie alitazama juu. Mbingu ilikuwa nyeupe, haina wingu la mvua.

"Dakika moja, kaka!"

Akapiga magoti naye, akautia mkono kando ya mzizi, akaufuata kwenda chini. Vidole vyake vikagusa kitu kilicholowa, kisicho udongo wala jani. Akakikwangua. Lilikuwa bega la koti la samawati, limesukwa na nyuzi nyeupe kama utando wa buibui, na juu yake kiraka cha uzi mwekundu alichokishona yeye mwenyewe, kwa mkono wake, asubuhi ile ya mwisho, mume wake akisubiri amalize ili alivae aende.

Alipoinua macho, kaka yake alikuwa ameshawapa mgongo, anakimbia.