Mwendo Uliopimwa na Simu

"Hongera, Mama Brian! Programu inayopima mwendo wako inaonyesha umeimarika. Ile dawa mpya tutaiacha kwanza," daktari alisema kwenye simu.

Euphrasia alikuwa kitandani, nyumbani kwao Bweri. Tangu Pasaka ugonjwa wa neva ulimnyima hata kufika mlangoni. Aliifunika simu kwa kanga, akamgeukia mumewe.

"Nilikuwaga naenda na simu yako machungani," mumewe alinong'ona. "Sikutaka wakuandike kilema. Natembea polepole kama wewe, ila ng'ombe wakiniacha nawakimbilia."

Euphrasia alitaka kucheka.

"Mama, upo?" daktari aliuliza.

Mumewe alitikisa kichwa, akimsihi anyamaze. Viatu vyake vilikuwa na tope bichi la malisho.

Euphrasia aliifunua simu, akawasha kamera, akaielekeza magotini, akashusha miguu sakafuni.

"Daktari, angalia mwenyewe nikijaribu kusimama."