Muhuri wa Wakili Lei

"Sema tena, Wakili, kwa sauti," Kuang Peizhen aliomba. "Shemeji yangu sikio lake zito."

Lei Shaokun alitema ganda la mbegu ya tikiti ndani ya kikombe chake cha chai, akapaza sauti. "Nimesema sisi ndio Tarrowby! Mawakili wa London! Ukiibiwa jina la biashara, katika Guangzhou nzima unakuja hapa tu, halafu unalala usingizi!"

Shemeji aliitikia kwa kichwa. Mkoba aliupakata mapajani kama abiria anayeogopa wezi, na chai hakuigusa.

Peizhen naye hakuigusa yake. Kikombe kilikuwa na alama ya mdomo wa mtu mwingine. Zulia lilinuka sigara, na Lei, kila alipotaka kusema neno la huruma, alimshika mkono kwa vidole vilivyolowa mate ya mbegu. Ungemwona ungesema, mama huyu atatapika sasa hivi. Lakini alikaa. Hapa Uchina jina lisipolindwa mapema, aliyeliiba huwa mwenyewe, na mwenyewe huitwa mwizi. Alichotaka ni kimoja tu: mkataba uliopigwa muhuri mwekundu. Akitoka bila muhuri hakuna mahakama itakayomsikiliza, na watu wataendelea kushiba kwa jina wasilolitolea jasho.

"Ni pilipili ya kukaanga," alisema. "Ya mama mkwe wangu. Kuna watu kule Foshan wanaijaza kwenye chupa kama zetu, kwa jina letu, mpaka picha ya bibi wameibandika."

"Mashetani hao!" Lei akapiga meza. "Yaani watu wengine hawana haya hata chembe! Kula jasho la mwenzio! Mimi watu wa namna hiyo wananitia kichefuchefu, dada yangu, nakwambia ukweli."

"Hata mimi," Peizhen akasema.

Kwenye kichwa cha meza alikaa mzungu mnene, suti nyeusi, mikono ya koti imeishia mbali na viganja. Lei alisema huyo ndiye Bwana Tarrowby mwenyewe, kaletwa na ndege kwa kesi kubwa kubwa tu. Bwana mkubwa alikuwa akikubali kwa kichwa hata kabla swali halijaisha.

"Yeye anaonaje?" Peizhen aliuliza.

"Huyu hasemi ovyo. Akifungua mdomo, watu wanafungwa." Lei akaegemea kiti. "Unamjua mzee Mai, yule wa mchuzi wa soya? Alikuja hapa analia kama mtoto. Tukampigania mpaka jina likarudi. Leo anakula kuku kwa mrija!"

Peizhen alimjua mzee Mai. Wiki ileile alikuwa amemkuta mbele ya lango la kiwanda alichokijenga kwa mikono yake, anauza mayai ya kuchemsha. Jina lake bado lilikuwa juu ya lango, ila sasa ni mali ya mtu mwingine. Pingamizi alilomlipa Lei amwandikie halikuwahi kufikishwa kokote.

Mwingine angenyanyuka akaondoka, tena kwa matusi. Yeye akasogeza kiti karibu.

"Basi nisaidieni na mimi," akasema, akiweka bahasha ya pesa mezani. "Leo hii. Nipigieni muhuri."

Lei akaacha kutafuna. "Mbona haraka, dada? Wenzio huwa wanaomba kwenda kuulizauliza kwanza."

Mzungu alikubali kwa kichwa.

"Wenzangu wana muda," Peizhen akajibu. "Mimi nikirudi mikono mitupu, nitawaambia nini watu walionituma?" Machozi yakamlengalenga, na machozi hayo yalikuwa ya kweli; mzee Mai hakumtoka akilini.

Lei akalainika. Mwanamke analia na pesa yake iko mezani, unangoja nini? Akachomoa muhuri mfukoni mwa suruali, akaupulizia pumzi yake ya sigara, akaugonga kwenye mkataba kwa nguvu zote.

"Msomee shemeji asikie," Peizhen akaomba.

"Tarrowby, Mawakili, Guangzhou!" Lei akasoma kwa madaha. Mzungu akapiga makofi.

Peizhen aliukunja mkataba. Kisha akatoa leso, akajifuta mkono ule ulioshikwashikwa, kidole kimoja kimoja.

"Umeyapata yote?" akamuuliza shemeji, kwa sauti ya chini kabisa.

"Neno kwa neno, Wakili."

Lei akageuka, akidhani anaitwa yeye.

"Huyu si shemeji yangu," Peizhen akamwambia. "Ni afisa wa serikali wa kushuhudia mauziano, na anachokirekodi mahakama hukikubali. Na Tarrowby, tangu wafungue ofisi hapa Guangzhou, wakili wao mkuu ni mimi."