Sauti ya Shaibu

Siku Salha alipotunukiwa udaktari kwa utafiti wake juu ya vijana waliokata tamaa, mwanamke mmoja alimsubiri nje ya ukumbi.

"Mimi ni mama yake Shaibu," alisema. "Nimeambiwa ulimrekodi kabla hajajiua. Naomba nisikie sauti yake."

Salha aliinamisha kichwa. Chuo kilitaka sauti zote zifutwe utafiti ukiisha, naye alikwisha kuzifuta.

"Hazipo tena, mama. Nisamehe."

"Basi niambie alisema nini."

Salha alikumbuka maneno aliyoyanukuu kwenye tasnifu yake, yale yaliyosifiwa na maprofesa.

"Alisema, 'Nyumbani nacheka sana, ili mama apate usingizi.'"

Yule mama alifumba macho, akasogeza sikio karibu na mdomo wa Salha.

"Rudia," alisema.