Kamba ya Punda

Hebu vuteni picha, wanangu: Punda amesimama katikati ya baraza la wanyama, kamba shingoni, akiwasikiliza wenzake wakibishana iwapo abaki mtumwa wa Nyani au aachwe huru.

"Mimi ni kama baba yake," alisema Nyani. "Namlisha. Nikimwacha, simba atamla. Tena ananipenda, ndiyo maana hatoroki!"

Punda akaona ni kweli.

"Ala! Baba gani humpanda mwanawe mgongoni?" Kwale akamdhihaki.

Punda akaona hilo nalo ni kweli. Kichwa kikamzunguka.

"Basi sema mwenyewe, ndugu Punda," baraza likaamua.

Kwa desturi yao, aliyeulizwa hujitenga kwanza kando, afikiri peke yake. Punda akapiga hatua, kamba ikamkaba.

"Fikiria hapo hapo!" Nyani akafoka, akiivuta.

Punda akamtazama. "Bwana, ikiwa nakaa kwa kukupenda, kamba ni ya nini?"

Nyani akajikuna kichwa. Panya hakungoja hukumu; aliitafuna kamba ikakatika.

Basi, wanangu, mkimsikia mtu akisema mtumwa wake ana raha, kumbukeni jambo moja tu: itazameni kamba.