Siku ya Mapumziko Usipokee Simu

Bwana harusi alikuwa amejifungia chooni katika uwanja wa ndege wa Minneapolis, simu ikimtetemekea mfukoni. Alikaa juu ya kifuniko, miguu ameikunja ili viatu visionekane chini ya mlango. Sare yake ya urubani ilikuwa ndani ya begi, na kichwani alivaa kofia ya sufu aliyoishusha mpaka kwenye nyusi.

Anders Tveit hakuwa akimkimbia mchumba. Janelle alikuwa Minot kwa wazazi wake, gauni limeshatundikwa, na harusi ilikuwa kesho, Jumamosi. Alichokuwa akikikimbia ni kazi.

Mwaka wake wa kwanza angani ulikuwa umemfundisha mengi ambayo chuo kilichomkausha mfuko hakikuyataja. Kampuni hizi zinazopeleka watu miji midogo huanza kumlipa rubani mlango wa ndege ukishafungwa. Kabla ya hapo, ukikagua matairi kwenye theluji, ukisubiri abiria, ukisubiri mabawa yamwagiwe dawa ya kuyeyusha barafu, hiyo ni sadaka yako. Muuza kahawa wa pale uwanjani alimzidi kipato, na jioni alikwenda kulala kwake. Anders alilala kwenye nyumba ya kupanga iliyojaa marubani wenzake, na kitanda hakikuwahi kupoa kabla ya kupata mtu mwingine.

Ukata alishauzoea. Kilichomtoa roho ni zamu. Kila kitu pale kilikwenda kwa ukongwe kazini: mkongwe huchagua, mgeni huokota makombo, na Anders ndiye aliyekuwa mgeni kuliko wote. Mtu akiugua siku ya Krismasi, simu ya kwanza ilikuwa yake. Kwa ajili hiyo harusi ilishaahirishwa mara mbili. Mara ya pili keki ilikuwa Minot na yeye yuko Detroit. Janelle hakulia wala hakupiga kelele.

"Mara ya tatu usiponitokea, Anders," alimwambia, "kaoe hiyo ratiba yako. Mimi sitakaa kuwasubirini."

Aliyempa akili ni Boyd, mkongwe wa miaka minne, aliyelala kitanda cha juu.

"Dogo, wewe mjinga au unajifanya? Siku yako ya mapumziko hawakulazimishi mpaka wakupate. Ukipokea simu, umekwisha. Usipopokea, hukusikia. Na wakikuita kwa kipaza sauti, usikanyage kaunta. Watakubandika simu sikioni wewe bado unasema habari za jioni."

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na Anders hakutaka kuvunjika guu wiki ya harusi. Alilishika neno la Boyd kama sala. Tiketi aliinunua kwa pesa zake mwenyewe, rubani mzima, kwa kuwa kiti cha bure cha wafanyakazi nacho hugawiwa kwa ukongwe. Ilikuwa ndege ya jioni, ya mwisho kwenda Minot, na barabara ya kwenda huko ilikuwa imefungwa na tufani ya theluji tangu mchana. Akaketi langoni katikati ya mabibi wanaofuma soksi, kama mtu asiyejua bawa ni lipi na mkia ni upi.

Simu ya ofisi ya ratiba ndipo ikaanza. Akaiacha ilie. Punde kipaza sauti kikamtaka Bwana Anders Tveit afike kaunta haraka. Anders akatabasamu, akachukua begi lake, akaelekea chooni.

Huko alikaa akiwasikiliza wakihangaika. Simu ikanyamaza, ikalia tena. Jina lake likatangazwa tena, safari hii kwa sauti ya kubembeleza, na yeye akajisemea kwamba hata Detroit walimbembeleza hivyo hivyo. Kipaza sauti kikaongeza kuwa ndege ya Minot itachelewa kidogo, abiria wawe na subira. Theluji hiyo, aliwaza, na wala hakuhuzunika. Kadiri ndege ilivyochelewa, ndivyo hao wawindaji wangechoka na kumgeukia mwingine. Alimhurumia kidogo huyo mwingine, lakini kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake.

Hatimaye simu ikatulia kabisa. Anders alihesabu pumzi zake, akasikiliza, akahakikisha. Walikuwa wamekata tamaa. Mwaka mzima walikuwa wakimchezesha kama mwanasesere, na leo, kwa mara ya kwanza, yeye ndiye aliyewashinda. Furaha ilimjaa hata akanawa mikono ambayo haikuwa imeshika kitu. Akatoka kifua mbele.

Langoni watu walikuwa wamesimama, wengine wanavaa makoti. Kwenye skrini, mbele ya jina la Minot, paliandikwa kuwa safari imefutwa. Alimuuliza dada wa kaunta sababu, bila kuivua kofia wala kutaja jina. Yule dada, aliyechoka mpaka basi, akamjibu ni mambo ya ndani ya kampuni, na ndege nyingine yenye nafasi ni ya Jumapili.

Anders aliitoa simu ili ampigie Janelle, asijue aanzie wapi, akakuta ujumbe wa sauti. Alikuwa ni Marcy wa ofisi ya ratiba, sauti aliyoichukia mwaka mzima.

"Anders, kaka yangu, pokea basi. Ofisi nzima tunajua unaoa kesho. Rubani msaidizi wa hiyo ndege ya Minot kaugua, nikasema apewe bwana harusi. Wewe ipeleke tu, ulale huko huko, hatukusumbui mpaka Jumatatu. Na malipo ni mara mbili."