Firigisi ya Krismasi

Nyumbani kwao Bokoli, firigisi ya kuku wa Krismasi ilikuwa ya Babu. Mwaka huu Babu hayupo tena, na wanawe wa kiume walinawa mikono mapema, kila mmoja akiitazama sahani ya kuku.

Nyanya aliiopoa firigisi kwenye mchuzi, ikimeta mafuta. Akawapita wanawe hao wote, akasimama mbele ya mjukuu wake Nelima, pasta mpya kutoka Kitale, aliyewahubiria asubuhi hiyo kanisani.

"Kula, Pasta."

"Nyanya! Si hiyo ni ya wanaume?"

"Ati wanaume? Leo kanisani nani ametulisha sisi wote? Si ni wewe? Kula!"

Mwana mkubwa wa Nyanya akaangua kicheko, akamsogezea Nelima ugali.

Nelima akaiuma firigisi, na shangazi zake wakapiga vigelegele.